Kabla ya Kumwita Mwanafunzi Kamatini: Mhadhara juu ya Kuvipima Vigunduzi vya Maandishi ya Akili Unde



Tarehe 31 Januari 2023, kampuni ya OpenAI ya Marekani, ambayo miezi miwili tu kabla ya hapo ilikuwa imeifungulia dunia ChatGPT, ilitoa programu ya kutambua maandishi yaliyoandikwa na akili unde. Ilionekana kama dawa imepatikana, maana aliyeiunda mashine ndiye anayetarajiwa kuujua mwandiko wake. Kampuni hiyo, na kwa hili niipe haki yake, haikuficha kitu. Ilieleza kwamba katika majaribio yake ya maandishi ya Kiingereza, programu ilikamata asilimia 26 tu ya yaliyoandikwa na mashine, na iliyasingizia asilimia 9 ya yaliyoandikwa na watu. Ikaonya kwamba programu haifai kwa maandishi yasiyofika herufi 1,000, na kwamba nje ya Kiingereza si ya kutegemewa. Tarehe 20 Julai mwaka uleule ikaizima kwa sababu ya usahihi wake mdogo.

Nimeanza na programu iliyokwisha kuzikwa kwa sababu ilitupa tarakimu mbili. Wauzaji wa leo wanapenda kutupa moja: usahihi asilimia 98, usahihi asilimia 99. Tarakimu moja haitoshi, kwa kuwa makosa yenyewe ni mawili na hayafanani hata kidogo. Lipo kosa la kumwachia aliyetumia mashine, na lipo kosa la kumshtaki ambaye hakuitumia. La kwanza linatuchafulia matokeo. La pili linamharibia mtu maisha: anapoteza mkopo, anarudishwa nyumbani, na kijijini anaitwa mwizi wa mitihani.

Hebu tupige hesabu kwa tarakimu zilezile za OpenAI. Wanafunzi 1,000 wamewasilisha kazi, na tuseme 100 kati yao wametumia ChatGPT. Programu inawakamata 26. Katika wale 900 wasio na hatia, inawashika 81. Kamati ya nidhamu inaletewa majina 107, na 81 kati ya hayo ni ya watu walioandika wenyewe, usiku, labda kwa mwanga wa simu.

Mtaniambia ile ilikuwa programu mbovu, za leo ni bora. Sawa. Tuchukue nzuri, inayokamata watumiaji 80 katika kila 100 na kumsingizia mtu mmoja tu katika kila 100 wasio na hatia. Ipelekeni kwenye darasa la watu 1,000 ambapo nusu wametumia mashine: mtawakamata 400 na mtawaonea 5. Ipelekeni sasa kwenye kundi jingine la watu 1,000 ambapo waliotumia ni 10 tu: mtawakamata 8, na mtawaonea 10. Programu ni ileile na kiwango cha kosa ni kilekile, lakini katika kundi la pili zaidi ya nusu ya washtakiwa hawana hatia. Wauguzi wetu hawahitaji kufundishwa hili: jibu la kipimo cha malaria kwa mgonjwa wa nyanda za juu kwenye baridi, asiyesafiri, halina uzito sawa na jibu hilohilo kwa mgonjwa anayeishi kandokando ya ziwa. Walimu hatujazoea kufikiri hivyo. Tukiona skrini imeandika asilimia 87 kwa rangi nyekundu, tunaisoma kama hukumu.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Tennessee, kilipiga hesabu ya aina hii kabla ya kuamua. Kampuni ya Turnitin, ambayo wengi wenu mnaijua kwa kazi yake ya kukamata wanaonakili maandishi ya wengine, ilikuwa imeongeza kigunduzi cha akili unde Aprili 2023, ikisema kosa lake la kusingizia halifiki asilimia 1. Vanderbilt wakatazama vitabu vyao: mwaka 2022 walikuwa wamepitisha kazi 75,000 katika mfumo huo. Asilimia 1 yake ni 750. Agosti 2023 wakakizima. Uamuzi wao una wapinzani, na siwaambii muuige. Nawaambia muige namna walivyoufikia, yaani kuizidisha ile asilimia kwa idadi ya watu mlio nao hadi iwe vichwa.

Sasa, kigunduzi hufanyaje kazi? Vipo vya aina nyingi, na vya sasa vingi hufunzwa kwa kulishwa lundo la maandishi ya watu na lundo la maandishi ya mashine, vikajitafutia tofauti. Lakini wazo lililotangulia, na ambalo bado limo ndani ya vingi, ni la kupima mshangao. Nikisema "asubuhi nilikunywa chai kwa", ninyi nyote mmeshasema moyoni "mkate", au "maandazi", au "chapati". Nikimalizia na "hasira", nimewashtua kidogo. Mashine huandika kwa kuchagua neno linaloelekea kufuata, kwa hiyo maandishi yake, kwa wastani, hayashtui sana. Kigunduzi hupita neno kwa neno kikipima mshtuko huo. Ukiwa mdogo mno, tena sentensi zikilingana urefu kama matofali, kinasema hii ni mashine. GPTZero, iliyotolewa Januari 2023 na Edward Tian, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, ilijulikana kwa njia hii.

Udhaifu wake unaonekana mara moja. Si kila kinachotabirika kimeandikwa na mashine. Mwaka 2023 watu waliipitisha Katiba ya Marekani, hati ya mwaka 1787, kwenye vigunduzi, na ikatangazwa kuwa kazi ya akili unde. Watu walicheka, lakini sababu ni ya maana: maandishi yale yamo tele katika data iliyofunzia mashine, kwa hiyo kila neno lake linatarajiwa. Kigunduzi kilipima sawasawa kile kilichoundwa kukipima. Kosa liko kwetu tuliodhani kinapima kitu kingine.

Tulilete nyumbani. Mtumishi wa serikali wa Tanzania akiandika barua, anaanza "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", anaendelea "napenda kukujulisha kwamba", na anafunga kwa "nakutakia kazi njema". Ndivyo alivyofundishwa, na bosi wake asingekubali vingine. Mwanafunzi wa Kenya aliyepitia KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kabla haujafutwa alikaririshwa jinsi ya kufungua insha: jua lichomoze, ndege waimbe, wahenga waseme, na yeye awe buheri wa afya. Alipewa alama kwa kukariri vizuri. Tukampeleka chuoni, tukamletea kifaa kinachoadhibu maneno yanayotarajiwa. Hapo mimi nashindwa kujua tunayemshtaki ni mtoto au ni mtaala wetu.

Na hili la nani anaonewa si dhana yangu. Mwaka 2023 James Zou wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha katika jarida la Patterns jaribio ambalo ningependa kila mjumbe wa kamati ya nidhamu alisome. Walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na insha 88 za watoto wa darasa la nane wa Marekani. Zote ni za binadamu. Wakazipitisha kwenye vigunduzi saba. Kwa watoto wa Marekani, vigunduzi vilipatia karibu zote. Kwa zile za TOEFL, kwa wastani viliziita za mashine zaidi ya asilimia 61. Insha 89 kati ya 91 zilishutumiwa na angalau kigunduzi kimoja. Karibu moja katika kila tano zilishutumiwa na vyote saba kwa pamoja.

Tukae hapo kidogo, kwa sababu watu hupenda kusema: basi tutumie vigunduzi vitatu, vikikubaliana tumepata ushahidi. Hapana. Vifaa vinavyopima kitu kimoja kwa njia moja hukosea pamoja. Mtu mwenye msamiati mdogo wa Kiingereza huchagua maneno ya kawaida, na kila kifaa kinachopima ukawaida kitamwona kwa jicho lilelile. Mashahidi saba walioangalia kupitia tundu moja la mlango ni shahidi mmoja.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliichukua ChatGPT wakaiambia izipambe insha zile za TOEFL kwa msamiati wa mzawa wa Kiingereza, kisha wakazirudisha kwenye vigunduzi. Shutuma zikashuka kutoka asilimia 61 hadi asilimia 12 hivi. Yaani mgeni aliyeandika mwenyewe alishtakiwa kwa kutumia mashine, na alipoitumia kweli akaachiwa. Kwa mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayeandika tasnifu kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu, somo analofundishwa hapo ni baya kuliko udanganyifu tuliotaka kuuzuia.

Jaribio la pili ninalolithamini liliongozwa na Debora Weber-Wulff, profesa wa Ujerumani, pamoja na wenzake wa nchi kadhaa za Ulaya na Mexico. Wao walijaribu vifaa 14 kwa maandishi 54 ya aina mbalimbali, na uzuri wa kazi yao umo katika hizo aina. Yalikuwepo yaliyoandikwa na watu kwa Kiingereza, yaliyoandikwa na watu kwa lugha nyingine kisha yakatafsiriwa na mashine, ya ChatGPT yenyewe, ya ChatGPT yaliyoguswaguswa na mkono wa mtu, na ya ChatGPT yaliyopitishwa kwenye programu ya kubadili maneno. Hakuna kifaa kilichofikia usahihi wa asilimia 80. Maandishi ghafi ya mashine yalitambuliwa kwa asilimia 74. Yaliyoguswa na mtu, asilimia 42. Yaliyobadilishwa maneno na programu, asilimia 26. Yale ya watu yaliyotafsiriwa na mashine yaliviyumbisha vifaa kuliko ya watu yasiyotafsiriwa. Kwa hiyo mwanafunzi mvivu asiye na haraka, anayejua kubofya mara mbili, anapita. Anayenaswa ni yule aliyebandika alivyoletewa bila kusoma, na huyo, kusema kweli, mwalimu anayemjua angemnasa bila kifaa chochote.

Nisiwe mchoyo wa haki. Vifaa vimeboreka. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilinganisha vitatu vya kibiashara na kimoja cha msimbo wazi, na wakakuta tofauti kubwa mno baina yao: cha wazi kilisingizia watu vibaya, ilhali kimoja cha kibiashara, Pangram, makosa yake katika maandishi marefu na ya wastani yalikaribia sifuri. Anayewaambia leo kwamba kutambua maandishi ya mashine hakuwezekani kabisa anawapa habari za juzi. Mwaka huohuo watafiti wengine wa Marekani waliwapa wasomaji watano, watu wanaotumia akili unde mara kwa mara katika kazi zao za uandishi, makala 300 za Kiingereza wazisome. Kwa kura ya wengi, walikosea makala moja tu. Na kila mmoja aliweza kueleza alichokiona. Ukimuuliza msomaji wa namna hiyo kwa nini, atakuonyesha mstari. Kifaa kitakurudishia asilimia.

Lakini angalieni neno linalojirudia katika majaribio yote haya: Kiingereza. Ubora wa Pangram katika makala za Kiingereza hautuambii lolote kuhusu insha ya Kiswahili ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na Kiswahili kina mambo yake. Nikiandika "kitabu changu kipya kimepotea", baada ya "kitabu" sarufi imenifunga: "ch", "ki", "ki" vinakuja vyenyewe, na atakayeniona natabirika atakuwa amekiona kipatanishi, hajaniona mimi. Upande wa pili, mashine hizi zimesoma Kiswahili kichache mno ukilinganisha na Kiingereza, kwa hiyo neno la kawaida kabisa la Pemba au la Lamu linaweza kuzishtua hadi zikaapa kwamba ni binadamu aliyeandika. Nguvu moja inavuta kuelekea kusingizia, nyingine kuelekea kuachia. Ipi itashinda si jambo la kubishana ukumbini. Linapimwa.

Kabla sijasema linapimwaje, niondoe njia moja isiyo kipimo. Mei 2023 mwalimu mmoja wa chuo huko Texas alibandika kazi za wanafunzi wake ndani ya ChatGPT na kuiuliza: ni wewe uliyeandika? Ikakubali, naye akazuia alama za darasa. ChatGPT haina daftari la ilichoandika kwa watu wengine. Iliungama tu kwa sababu kuungama kulikuwa jibu linaloelekea kufuata swali. Nasikia mchezo huu unaendelea hata huku kwetu. Uacheni.

Kupima kwenyewe hakuhitaji maabara. ChatGPT ilifunguliwa tarehe 30 Novemba 2022. Kazi yoyote ya mwanafunzi yenye tarehe iliyotangulia hapo haikuandikwa na ChatGPT, na mtuhumiwa wake hana haja ya wakili. Vyuo vyetu vina kazi hizo kwenye masanduku. Chagueni zile ambazo hazijawahi kuchapishwa wala kuwekwa mtandaoni, ili yasitukute ya Katiba ya Marekani. Changanyeni: za Kiswahili na za Kiingereza, za mwaka wa kwanza na za uzamili, za mwanafunzi wa Unguja na wa Bukoba, na kama kuna wanafunzi waliotoka Bukavu au Lubumbashi, Kiswahili chao kiwemo. Hilo ni fungu la wasio na hatia. Fungu la pili litengenezwe kwa maswali yaleyale, kwa mashine mbalimbali, na litengenezwe jinsi vijana wanavyofanya kweli: aya mbili za mashine na moja ya mtu, Kiingereza cha mashine kilichogeuzwa Kiswahili na mashine nyingine, insha iliyochovywa makosa ya tahajia kwa makusudi. Anayejaribu kifaa kwa maandishi ghafi tu amejaribu kitu ambacho mwanafunzi mjanja hakileti.

Idadi nayo ina heshima yake. Mkipima kazi 50 za wasio na hatia na kifaa kisimsingizie hata mmoja, msikimbilie kuandika "kosa sifuri". Wanatakwimu wana kanuni nyepesi: gawanya 3 kwa idadi uliyopima. Tatu kwa hamsini ni asilimia 6, maana yake kosa halisi bado linaweza kufika asilimia 6 na bahati ikawafichia. Mtu anayetaka kudai kosa lisilozidi asilimia 1 anatakiwa apime kazi 300 na asikute kosa hata moja. Tena si 300 za mchanganyiko. Ni 300 za kundi analotaka kulihukumu. Kisha arudie kila kifaa kinapobadilishwa, na vinabadilishwa mara kwa mara bila hodi. Na mjue kwamba kazi ya mwanafunzi inayopandishwa kwenye seva ya kampuni ya nje ni taarifa yake binafsi: Tanzania tuna sheria ya mwaka 2022 juu ya hilo, Kenya wana yao ya 2019.

Hata hayo yote yakifanyika, kifaa kitajibu swali dogo kuliko tunalouliza. Kwa miaka mingi kabla ya ChatGPT, maelfu ya vijana wa Nairobi, wengi wao wana digrii nzuri na hawana ajira, waliandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenye asili ya Kenya, ameifuatilia kazi hiyo, na mwaka 2024 ilitoka filamu kuihusu, The Shadow Scholars. Pitisheni insha za vijana hao kwenye kigunduzi bora kuliko vyote. Kitasema: imeandikwa na binadamu. Kitakuwa kimesema kweli, na mwenye jina juu ya karatasi atakuwa hajaandika hata nukta. Swali letu tangu zamani ni kama mwanafunzi anakijua alichokileta, na swali hilo linajibiwa kwa kumketisha na kumuuliza: rasimu ya kwanza iko wapi, kwa nini umemtaja huyu, aya ya tatu ina maana gani. Najua mtanijibu kwamba mna wanafunzi 400 kwa mhadhiri mmoja. Ni kweli. Basi malalamiko hayo tuyapeleke wanakostahili kuyasikia, kwa wanaotupangia bajeti, tusiyamalizie kwa mtoto wa mtu.

Msimamo wangu ni huu. Asilimia ya kigunduzi iruhusiwe kumfanya mwalimu aisome kazi kwa makini zaidi. Isiruhusiwe kuingia kwenye faili la nidhamu kama ushahidi, si peke yake, wala ikiwa na nyingine sita pembeni, hadi chuo kitakapochapisha kipimo chake chenyewe, kwa lugha zake na wanafunzi wake, kikionyesha makosa yote mawili kwa idadi ya watu.

Na nina ombi moja kwa wakuu wa idara mliopo hapa. Kila mwisho wa mwaka, stoo zikijaa, tunachoma kazi za zamani za wanafunzi. Za kabla ya Novemba 2022 msizichome. Ziorodhesheni, ondoeni majina, mzikabidhi kwa mkutubi. Maandishi ya aina hiyo hayatatengenezwa tena, na bila hayo hatutakuwa na kitu cha kumpimia yeyote.